Nekesa au Negesa? Pasipoti ya mdogo wangu imekwama kwa herufi moja. Wadau wa Kisumu, Kakamega na Busia, nisaidieni

NyotaYaLurambi | Jumatatu, saa 3:10 usiku

Mulembe wadau. Naandika nikiwa nimechoka, mkiona makosa mnivumilie.

Mdogo wangu wa kike amemaliza diploma ya uuguzi na amepata nafasi ya kwenda kuendelea na mafunzo Ujerumani. Wale wa huko wanataka nakala ya pasipoti kabla mwezi ujao haujaisha ndipo waandike mkataba. Tukasema si neno, pasipoti siku hizi ni kujaza tu. Tukaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, tukalipa shilingi 7,550 za pasipoti ya kurasa 34, tukachagua Kisumu kwa sababu kutoka Kakamega ni karibu kuliko Eldoret, tukapewa tarehe.

Leo ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe. Tumepanda matatu bado giza, Chavakali tunasinzia, Majengo tunasinzia, Kiboswa ndiyo macho yamefunguka. Makaratasi yote tulikuwa nayo: fomu imepigwa chapa, ankara nakala tatu, picha, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya baba na mama, nakala ya kitambulisho cha mdhamini. Tumepiga laini. Alipofika mbele, yule afisa (mama mpole, sina neno naye) akaweka kitambulisho na cheti cha kuzaliwa sambamba juu ya meza, akaelekeza kalamu kwenye jina la katikati.

Kitambulisho: Nekesa. Cheti cha kuzaliwa: Negesa.

"Dada, hawa ni watu wawili."

Basi, safari ikaishia hapo. Cheti hicho kimekaa kwenye sanduku la mama miaka 24 na hakuna aliyewahi kukisoma herufi kwa herufi. Mama yetu ni Msamia, alimzaa huyu akiwa amerudi kwao Funyula. Baba ni Mbukusu. Kwa kina baba mtoto wa kike wa msimu wa mavuno ni Nekesa, kwa kina mama huyo huyo ni Negesa. Karani wa huko aliandika alivyosikia, na mwalimu wa darasa la kwanza huku akaandika alivyozoea.

Tumetoka nje, kuna kijana ametufuata mpaka kwa muuza mahindi choma. Anasema ana "mtu ndani", tumpe 18,000 na cheti kitasoma Nekesa kufikia Ijumaa. Mdogo wangu alilia pale kushinda lile jiwe la Ilesi linalotiririka maji.

Nimpe? Na kama si kumpa, naanzia wapi? Au nibadilishe kitambulisho kisome Negesa?

---

Mzee_wa_Kondele | Jumatatu, saa 3:26 usiku

Usimpe hata shilingi ya maji.

Mimi nilimpa mmoja kama huyo 10,000 mwaka ule nikitaka pasipoti ya haraka. Alinikalisha hotelini, akaniagizia chai na mandazi (kwa pesa zangu, nilikuja kugundua baadaye), akachukua kitambulisho changu, akasema anaenda kupiga kopi, dakika tano. Omera, mpaka leo anapiga kopi.

Na jambo la pili. Pesa ya serikali inaingia namba moja tu ya malipo, 222222, ukiwa ndani ya akaunti yako mwenyewe ya eCitizen. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie "ada", hiyo ni ada ya karo ya watoto wake.

---

HatiHaraka | Jumatatu, saa 3:41 usiku

Habari ndugu mteja. Tunashughulikia pasipoti, cheti cha kuzaliwa, hati ya tabia njema, viza ya Ulaya, Kanada na Ghuba bila usumbufu. Wiki moja tu. Ujerumani nafasi 250,000 ziko wazi kwa Wakenya, usiachwe nyuma. Nitumie ujumbe faraghani.

---

Mzee_wa_Kondele | Jumatatu, saa 3:43 usiku

Huyu hapa amerudi kutoka kopi.

---

Section58 | Jumatatu, saa 4:05 usiku

Nakuru hapa, nacheka peke yangu sebuleni.

Kwa faida ya wanaosoma kimyakimya, hiyo 250,000 ni hadithi. Makubaliano ya Kenya na Ujerumani yalitiwa sahihi Berlin mwezi wa Septemba 2024, Ruto na Scholz wakiwepo. Siku hiyo hiyo ile namba ikaanza kuzunguka kwenye habari, na wizara ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza kusema mkataba hauna idadi yoyote ya watu. Hakuna viti vilivyowekwa mahali vikiwa na majina yetu. Anayekwenda anakwenda kwa cheti chake, lugha yake na mwajiri au chuo kilichomkubali. Ajenti akianza na 250,000 jua atamaliza na zako.

Nyota, mdogo wako Kijerumani amefika wapi? Kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama baada ya kusherehekea pasipoti.

---

Msimamizi | Jumatatu, saa 4:20 usiku

HatiHaraka amesimamishwa. Ujumbe wake nimeuacha makusudi ili watu wajifunze sura yake.

---

KaraniMstaafu | Jumanne, saa 12:15 asubuhi

Nimefanya kazi ya kuandikisha vizazi na vifo kwa miaka mingi huku Magharibi, sasa nafuga kuku. Binti wa Lurambi, tulia, jambo lako ni la kawaida kuliko unavyofikiri. Kati ya mafaili kumi niliyoshika, sijui mangapi yalikuwa ya majina.

Kwanza elewa jina lenu lilivyosafiri. Mtoto akizaliwa hospitali, taarifa ya kuzaliwa huandikwa kwenye fomu B1. Akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu anaandika kwenye B2. Fomu hiyo ndiyo inayokwenda kwa msajili, na cheti kinatolewa kutokana nayo. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuandika jina ni yule aliyekuwa zamu siku hiyo, na mama hospitalini akiwa na uchungu haulizwi tahajia. Karani akiwa Mluo kule Siaya na mama Mluhya, au karani Mkisii na mama Mkalenjin, utapata maajabu. Nimewahi kuona Cheptoo aliyeandikwa kwa C, kwa K na kwa S katika familia moja.

Sasa kanuni yangu ambayo haiko kwenye kitabu chochote: hesabu karatasi. Panga mezani kila kitu chenye jina la mdogo wako. Kitambulisho, cheti cha darasa la nane, cha kidato cha nne, diploma, leseni ya uuguzi. Zote zinasoma Nekesa, sivyo? Cheti cha kuzaliwa peke yake ndicho Negesa. Rekebisha yule aliye peke yake, lile kundi liache. Ukibadilisha kitambulisho kiwe Negesa umejichimbia shimo, kwa maana vyeti vyote vya mitihani vitageuka kuwa vya mtu mwingine, na Wajerumani watakuuliza lile lile swali la "watu wawili", safari hii kwa Kijerumani.

Kuna njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kusahihisha kosa lililoingia daftarini. Hapo unasema: jina halijabadilika, lilikosewa kuandikwa. Unaapa kiapo mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo au mbele ya hakimu, unaambatanisha ushahidi, unapeleka kwa msajili wa kaunti ambako kuzaliwa kuliandikishwa. Kwenu ni Busia, maana Funyula iko huko, wala si Kakamega mnakokaa. Ya pili ni kubadili jina kwa hiari, ile hati ya kubadili jina inayosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hiyo ni kwa anayetaka kuacha jina moja na kuchukua jingine. Mawakili wengine watakusukuma kwenye njia ya pili kwa sababu ina pesa zaidi. Kwa k na g, anzia ya kwanza.

Ushahidi gani? Kadi ya kliniki kama mama bado anayo. Kadi ya ubatizo. Ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Cheti cha darasa la nane. Vitambulisho vya wazazi. Barua ya chifu haikuzuii kitu, beba. Na mama aende mwenyewe kama ana nguvu. Msajili akimsikia mama akitamka jina kwa mdomo wake, jambo lote linaeleweka dakika moja.

Yule kijana wa mahindi choma anaweza kukuletea cheti kinachosoma Nekesa, hilo siwezi kukataa. Karatasi ataipata mtaani. Ila daftari litabaki na Negesa, na afisa wa uhamiaji akiitafuta namba ile kwenye mtambo ataona Negesa. Hapo mdogo wako ameacha kuwa mwenye kosa la herufi, amekuwa mwenye hati bandia. Hilo ni kosa la jinai.

Naenda kulisha kuku. Uliza ukikwama.

---

NyotaYaLurambi | Jumanne, saa 1:02 asubuhi

Kuka, orio muno, asante sana babu. Nimesoma mara tatu, nimemsomea mama kwa simu. Anasema kadi ya kliniki anayo, "imeliwa na panya pembeni tu, jina lipo." Kwa hiyo tunaelekea Busia.

@Section58 Kijerumani amemaliza kiwango cha B1, anasoma B2.

---

Omera_Nyalenda | Jumanne, saa 4:30 asubuhi

Samahani naingilia, nyinyi mnalia na pasipoti, mimi ninayo miaka minne haijagongwa muhuri hata mmoja. Imekuwa kama picha ya harusi, naonyesha wageni tu.

Nimenyimwa viza ya masomo ya Marekani mara mbili. Chuo kilinikubali, I-20 (fomu ya chuo ya kuthibitisha nafasi) ninayo, nililipa dola 350 za SEVIS, ule mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, nikajaza DS-160, fomu ya kuomba viza, nikalipa dola 185 za viza, nikalala kwa binamu Kawangware nikaamkia Gigiri. Mahojiano dakika mbili. Karatasi ya kukataa inasema 214(b). Mara ya pili 185 nyingine, dakika mbili nyingine, 214(b) ile ile. Wajuaji, hiki kifungu kinataka nini kwa mtu?

---

Section58 | Jumanne, saa 5:10 asubuhi

Omera, pole. Kifungu hicho cha sheria yao ya uhamiaji kinamwambia afisa amchukulie kila mwombaji kuwa anataka kuhamia kabisa, mpaka mwenyewe athibitishe kinyume. Yaani hukuingia pale ukiwa sifuri, uliingia ukiwa nyuma. Kazi yako ni kumwonyesha kinachokurudisha nyumbani na pesa za kusomea zinatoka wapi.

Nikuulize bila kukuonea: pesa kwenye taarifa ya benki zilikuwa za nani?

---

Omera_Nyalenda | Jumanne, saa 5:18 asubuhi

...za mjomba. Aliziweka wiki moja kabla, akazitoa wiki moja baada.

---

Mzee_wa_Kondele | Jumanne, saa 5:20 asubuhi

Pesa zilikuja kutembea tu, hata viatu hazikuvua.

---

Section58 | Jumanne, saa 5:47 asubuhi

Mzee mwache kijana 😂

Omera, sikiliza. Akaunti iliyokuwa na 4,000 mwaka mzima halafu ghafla ina milioni, afisa haitaji mashine kuiona. Kama mjomba kweli ndiye atakayekusomesha, mlete wazi: barua yake, stakabadhi zake za mshahara au biashara, akaunti yake mwenyewe ya miezi mingi. Mjomba kukusomesha si aibu, nusu ya Kenya imesomeshwa na wajomba. Ubaya ni kuzivalisha pesa zake jina lako. Na ukirudi usiende na faili lile lile, kwa sababu jibu litakuwa lile lile na 185 hairudishwi.

Jingine: ulipoulizwa kwa nini chuo hicho, ulijibu nini?

---

Omera_Nyalenda | Jumanne, saa 5:55 asubuhi

Nilisema ni chuo kizuri sana chenye mazingira mazuri. Ajenti alinikaririsha.

Sawa. Nimeelewa. Acha nikae chini nijipange upya.

---

MamaWaPort | Jumatano, saa 2:40 usiku

Hamjambo wanangu. Mimi niko Port Victoria, nauza omena. Kusoma nasoma ila kuandika ni polepole.

Huyu karani anaongea kama mtu wa kweli, ndiyo nimepata nguvu ya kuuliza. Mimi ni Mkenya, kitambulisho ninacho tangu zamani. Niliolewa ng'ambo ya mpaka, Uganda, nikazaa msichana huko huko. Bwana alipofariki nilirudi kwetu na mtoto wa miaka mitatu. Amesoma hapa chekechea mpaka kidato cha nne. Sasa ana 19. Amekwenda kuomba kitambulisho, mzee mmoja wa kamati ya kuwahoji waombaji akamwambia "wewe ni wa baba yako, nenda Uganda." Amerudi nyumbani hataki kula. Watu wananiambia nitafute mtu wa kumwandika kama baba, ndugu yangu fulani amekubali. Nifanye hivyo?

---

KaraniMstaafu | Jumatano, saa 3:30 usiku

Mama, usifanye hivyo. Tafadhali. Hilo la kumwandika mjomba kuwa baba nimeliona likiharibu watu wakiwa na miaka 40, siku ya kurithi shamba au siku ya viza. Tena humhitaji kabisa.

Katiba ya 2010, ibara ya 14: mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Mama AU baba. Zamani haikuwa hivyo. Chini ya katiba ya kwanza mtoto aliyezaliwa nje alifuata uraia wa baba tu, na yule mzee wa kamati bado anaishi katika sheria hiyo. Na hata kama binti alizaliwa kabla ya Agosti 2010 katiba ilipoanza kutumika, ibara hiyo hiyo imemfikia, inasema wazi kwamba inawahusu waliozaliwa kabla.

Kwa hiyo binti yako haombi hisani ya kusajiliwa kama mgeni. Yeye ni raia wa kuzaliwa, sawa na mimi.

Beba hivi: kitambulisho chako na cheti chako cha kuzaliwa, uthibitisho wa kuzaliwa kwake kutoka upande wa pili (cheti cha Uganda, au karatasi ya hospitali ya huko), cheti cha kifo cha marehemu kama kipo, vyeti vya shule vya binti. Nenda kwa chifu na umweleze ukweli mzima, pamoja na Uganda. Watu wa mpakani huficha Uganda wakidhani ndiyo itawaangusha, kumbe kinachowaangusha ni kuificha, kwa sababu maelezo yanapingana baadaye. Februari 2025 Rais alitia sahihi tamko la kuondoa ule usaili wa ziada uliokuwa ukifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani, hivyo kamati isikutishe kama enzi zile. Wakikataa, waombe waandike sababu kwenye karatasi. Ukisema hivyo kwa adabu, utashangaa sauti zinavyoshuka.

---

Wa_Malaba | Jumatano, saa 3:52 usiku

Karani hapo umenigusa. Sisi Wateso tuko pande zote mbili, bibi yangu shamba lake la mihogo liko huku na kisima kiko kule. Nilipoomba kitambulisho niliulizwa niimbe wimbo wa taifa na nitaje vijito vya kwetu. Vijito nilitaja. Wimbo niliimba. Bado nikaambiwa njoo kesho.

Lakini nina swali. Si mtoto akizaliwa ndani ya Kenya anakuwa Mkenya tu, hata wazazi wakiwa wageni?

---

KaraniMstaafu | Jumatano, saa 4:06 usiku

Hapana. Wengi wanadhani hivyo kwa sababu ya Marekani. Hapa ardhi haikupi uraia, wazazi ndio wanaokupa. Isipokuwa mtoto aliyeokotwa, anayeonekana hajafikisha miaka 8 na wazazi wake hawajulikani. Huyo katiba inamchukulia kuwa raia wa kuzaliwa.

Ndiyo maana Wamakonde wa asili ya Msumbiji na Washona wa asili ya Zimbabwe walikaa Kenya vizazi na vizazi bila karatasi, watoto wanazaliwa hapa na bado si wa hapa. Wamakonde walipata vitambulisho mwaka 2017 baada ya kutembea kwa miguu mpaka Nairobi, Washona wakafuata, halafu Wapemba wa Pwani mwaka 2023.

---

Section58 | Alhamisi, saa 7:15 mchana

Na mimi nichomekee langu kwa kuwa karani yupo. Ami yangu alichukua uraia wa Marekani mwaka 2003. Amestaafu, anataka kurudi Nakuru ajenge, na majirani wanamwambia yeye sasa ni mzungu, hata shamba hawezi kununua.

---

KaraniMstaafu | Alhamisi, saa 2:00 usiku

Hilo si la ofisi yangu, ila sheria naijua. Mwaka 2003 Kenya haikuruhusu uraia pacha, kwa hiyo alipoapa kule, wa hapa ulimtoka. Katiba mpya inasema raia wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa namna hiyo anayo haki ya kuurudisha akiomba. Anaomba kwa idara ya uhamiaji, na hahitaji kuuacha wa Marekani. Wanaochukua uraia wa pili leo wanatakiwa kuutangaza ndani ya miezi mitatu, wengi hawafanyi. Uraia pacha unamzuia nyadhifa za juu za serikali. Akitaka ugavana, tuonane tena.

Shamba asinunue kabla hajarudisha uraia. Asiye raia hapa hamiliki ardhi moja kwa moja, anapata ya kukodi isiyozidi miaka 99. Kaka, mwambie aanze na karatasi, mawe ya ujenzi yafuate.

---

Section58 | Alhamisi, saa 2:11 usiku

Ugavana! Mzee ana miaka 68, anataka tu kufuga ng'ombe wawili wa maziwa Bahati. Asante sana.

---

NyotaYaLurambi | Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 1:30 usiku

Wadau nimerudi na habari.

Jumatatu tulishuka Busia watatu, mimi, mdogo wangu na mama. Kiapo tulikuwa tumekula kwa wakili hapa Kakamega. Karani kijana aliyekuwa zamu alianza na yale maneno ya "mtahitaji hati ya kubadili jina", nikamwambia taratibu kwamba jina halijabadilika, lilikosewa. Akatuita ndani kwa mkubwa wake.

Mkubwa akamuuliza mama, "Mtoto anaitwa nani?" Mama akasema, "Negesa." Mimi nikafa ganzi. Mdogo wangu akashika kichwa. Mkubwa akainua macho. Mama akaendelea, "Ndiyo, Negesa. Kwa baba yake wanasema Nekesa, ni huyo huyo, wa mavuno." Yule mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe na yeye ni wa huko huko, mkewe ni wa Bungoma. Akasema kwake nyumbani wanagombana jina la mtoto kila siku.

Akapokea kadi ya kliniki (panya na yote), ubatizo, darasa la nane, kiapo. Tumelipa ada halali, tumepewa risiti, tumeambiwa tutapata ujumbe. Sijatoa chai, sijaombwa chai. Gharama kubwa imekuwa nauli na samaki aliotununulisha mama stendi ya Busia.

---

MamaWaPort | Ijumaa, saa 2:20 usiku

Huyo mama yako ni mama kweli. Mimi kwa chifu nimefika. Nilisema yote pamoja na Uganda. Amenipa barua. Naogopa lakini nimepewa.

---

Mzee_wa_Kondele | Ijumaa, saa 2:31 usiku

Mama barua ya chifu ikishakuwa mkononi, ipige kopi. Lakini upige mwenyewe. Usimpe mtu.

---

NyotaYaLurambi | wiki sita baadaye, Jumatano, saa 12:40 jioni

Nafufua uzi.

Cheti kipya kilitoka, kinasoma Nekesa. Tulirudi Kisumu kwa ombi lile lile, hatukulipa upya. Alama za vidole, picha, sahihi, dakika kumi. Tukakaa tukifungua eCitizen kila asubuhi kama watu wanaoangalia kama uji umechemka. Jana ikaandika iko tayari kuchukuliwa. Leo mdogo wangu ameichukua mwenyewe, ya miaka 10, rangi ya buluu, na Mzee wa Kondele alikuja kutupokea akatupeleka kula samaki Dunga. Alilipa yeye, nashuhudia hapa.

Tarehe ya Wajerumani ilikuwa imepita siku nne. Tuliwaandikia mapema tukawaeleza habari ya g na k, tukawatumia nakala ya cheti cha zamani na kipya. Wakajibu kwamba wanasubiri, na kwamba huko kwao pia kuna watu wa Meyer, Meier, Maier na Mayr, wanaelewa. Sasa mtihani wa B2, halafu foleni ya ubalozi.

Tulipofika nyumbani mdogo wangu akampa mama pasipoti aishike. Mama akaifungua, akasoma kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Vizuri sana, Negesa. Nenda ukaiweke kwenye sanduku."

---

Omera_Nyalenda | Jumatano, saa 1:05 usiku

Hongera dada! Mimi mjomba amekubali kuandika barua.

---

KaraniMstaafu | Jumatano, saa 1:50 usiku

Mwambie mdogo wako asiiweke kwenye lile sanduku lenye panya.

---

MamaWaPort | Jumatano, saa 3:15 usiku

Na sisi tumepigwa picha Jumatatu. Amechukuliwa vidole. Amepewa ile karatasi ya kusubiri. Leo amekula.